Kabidhi Wasii Mkuu ni nani hasa, na hela ya yatima inakaa wapi miaka yote hiyo?

Wengi wetu tunaijua RITA kwa kitu kimoja tu, cheti cha kuzaliwa. Umemaliza form six unataka mkopo wa elimu ya juu wa HESLB unaambiwa kahakiki cheti RITA, unakesha na simu mtandao unazunguka tu, ukishapata majibu unasahau kabisa kama hiyo ofisi ipo. Ila lile jina lake ukilisoma taratibu, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, cheti ni lile neno la kwanza tu. Haya mawili ya nyuma ndo yenye mambo mazito, na watu hawayajui mpaka siku msiba umeingia nyumbani na baba mdogo kaondoka na kadi ya gari.

Bosi wa pale ana cheo ambacho ukikisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni cha enzi za masultani, Kabidhi Wasii Mkuu. Kabidhi ni mtu aliyekabidhiwa kitu, wasii ni yule aliyeachiwa wosia autekeleze, unganisha unapata mtu wa serikali anayeshika mali ya watu ambao hawawezi kuishika wenyewe, wengine kwasababu wamekufa, wengine kwasababu bado wana miaka sita. Wakala yenyewe ilianza 2006, kabla ya hapo ilikuwa ni idara tu kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Na huyo huyo mtu mmoja anavaa kofia nyingi: anasajili vizazi na vifo, anasimamia mirathi, ni mdhamini wa umma, ni mfilisi wa waliofilisika, na bodi za wadhamini za makanisa, misikiti na hata vyama vya siasa zinasajiliwa kwake, ndo maana kwenye ule mgogoro wa CUF wa 2017 jina la RITA lilikuwa halikauki midomoni mwa watu. Hizo kofia nyingine tuziache. Nataka tushike mbili tu, mirathi na udhamini, mana hapo ndo kuna mkanganyiko mkubwa.

Mkanganyiko wenyewe uko hivi. Watu wanadhani jina likiandikwa kwenye karatasi basi mwenye jina ndo mwenye mali. Kikao cha ukoo kimekaa, muhtasari umeandikwa, mjomba kachaguliwa msimamizi wa mirathi, mahakama imempa barua, mjomba anatoka pale kifua mbele kana kwamba ameshinda bahati nasibu. Kwetu ilitokea hivyo hivyo, aliyechaguliwa alianza kusema "nyumba yangu ya kule" kabla hata ya arobaini, na wala sio kwamba alikuwa mwizi, nadhani aliamini kweli kwamba kuchaguliwa ndo kurithi. Hapana. Msimamizi anabeba jina na kazi, faida ni ya wengine. Akaunti inahamia kwake, hati anaweza kuisaini yeye, mpangaji anamlipa yeye, lakini kila shilingi inayopita mkononi mwake ina mwenyewe.

Kama bado haijaingia kumbuka hela ya Iddi. Umepewa elfu mbili mbili na mashangazi, mama anasema lete nikutunzie. Hapo mama ni mdhamini, wewe ndo mnufaika, elfu kumi ndo amana. Wote tunajua hiyo hadithi inaishiaga wapi, hela haijarudi mpaka leo na ukiuliza unaambiwa "kwani hukuwa unakula?" Sasa sheria ya udhamini yote, kuanzia kitabu cha kwanza mpaka cha mwisho, ni jaribio la kumfanya yule anayesema lete nikutunzie aandike hesabu, atenganishe hela yako na yake, asijikopeshe, na siku ukikua arudishe pamoja na kilichozaliwa.

Kwa Tanzania bara hesabu hizo zina muda kabisa. Sheria ya mirathi Sura ya 352 inamtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi sita tangu ateuliwe na hesabu kamili ndani ya mwaka mmoja, na ukiwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi nyingi za kimila na za Kiislamu ndo zinakoanzia, kanuni zinatoa miezi minne kujaza zile fomu namba tano na namba sita. Miezi minne! Waulize ndugu zako wangapi wamewahi kuiona hiyo fomu namba tano. Na kuna mpangilio wa nani anaanza kulipwa: kwanza gharama za mazishi, alafu gharama za kusimamia mirathi yenyewe, alafu madeni (na mshahara wa dada wa kazi ambao marehemu hakumlipa ni deni, msijifanye hamjui), warithi wanakuja mwisho kabisa. Watu wanagawana fenicha siku ya tatu na mwenye duka anayedai bado yuko nje amekaa kwenye mkeka.

Nani anapata ngapi hiyo ni vurugu nyingine maana bara tuna sheria tatu kwa wakati mmoja. Kuna ya kimila, ile iliyoandikwa 1963 ambayo mwanamke anawekwa daraja la tatu huko nyuma, kuna ya Kiislamu, na kuna ya India ya mwaka 1865, ndio, India, elfu moja mia nane sitini na tano, ambayo bado ndo inaweza kuamua mjane wa Kikristo Mbeya apate theluthi moja na watoto theluthi mbili. Sitaingia huko, ni makala nyingine, nimeitaja tu ili ujue kwamba Kabidhi Wasii haamui sheria ipi, anaikuta, anaifuata.

Turudi kwake. Yeye anaingia saa ngapi? Sio kila msiba. Familia ikielewana, msimamizi yupo, mahakama imemkubali, Kabidhi Wasii hana shughuli na nyie. Anaingia pale marehemu mwenyewe alipomtaja kwenye wosia kwamba huyu ndo awe msimamizi wangu, na RITA wana hiyo huduma ya kuandika na kukutunzia wosia. Anaingia pale ndugu wamegawanyika pande mbili na kila upande una jina lake. Anaingia pale msimamizi aliyepo amekufa au mahakama imemvua kwa ubadhirifu. Na anaingia pale hakuna mtu kabisa, mtu kafa Dar hana ndugu anayejulikana, ana kiwanja, ana hela benki, majirani wameanza kung'oa mabati. Sheria yake ni Sura ya 27, inamruhusu kuwa msimamizi, na akishashika anafanya kazi ile ile ya mjomba: anakusanya, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu. Mali isiyokuwa na mrithi kabisa mwishowe inaishia serikalini, na nadhani hapa ndipo uvumi ulipoanzia kwamba "ukipeleka RITA serikali inachukua". Haichukui. Inachukua ada yake ya usimamizi, hiyo ndio, inakatwa kwenye mali, ila nyumba yenye watoto wanne walio hai haiwezi kugeuka ya serikali eti kwasababu faili limepita pale.

Majirani zetu wana ofisi hiyo hiyo kwa majina tofauti na ukiwaangalia unaelewa zaidi yetu. Uganda iko Kampala, na kule mara nyingi huwezi kwenda mahakamani moja kwa moja kuomba usimamizi, kwanza unaripoti kifo kwenye ile ofisi, wanaita familia, wakiridhika wanakupa cheti kwamba hawana pingamizi, ndo uende kwa hakimu. Yaani yeye ni mlango, wakati kwetu ni dirisha la dharura. Kenya anaitwa Mdhamini wa Umma, yuko chini ya Mwanasheria Mkuu, Sheria House pale Harambee Avenue Nairobi, na sheria yao ya urithi imempanga foleni: anayepewa kipaumbele kusimamia ni mke au mume aliyebaki, wakifuata warithi wengine, wa tatu ni Mdhamini wa Umma, wa nne ndo wanaomdai marehemu. Kushika mali ya marehemu kabla hujapewa ruhusa Kenya ni kosa la jinai, faini mpaka 10,000 zao au jela mpaka mwaka mmoja au vyote viwili, ingawa shilingi elfu kumi kwa mtu aliyeuza ekari tano naona kama nauli tu.

Ila kuna kifungu kimoja cha Kenya nakipenda sana na ndo kinaeleza falsafa nzima ya hizi ofisi. Marehemu akiacha watoto wadogo bila wosia, mahakama hairuhusiwi kumpa usimamizi mtu mmoja peke yake, lazima wawe wawili au zaidi wasizidi wanne, ili wachungane. Isipokuwa Mdhamini wa Umma au kampuni ya udhamini, hao wanaweza kuwa peke yao. Kwanini? Kwasababu mtu anakufa, anahama, anaoa mke wa pili anayetaka gari, anaanza kunywa. Ofisi haifi. Kisheria cheo chenyewe ndo mtu, akistaafu huyu anakaa mwingine na amana hazisogei hata hatua moja, hakuna haja ya kubadilisha hati wala kurudi mahakamani. Mtoto wa miaka miwili anahitaji mtu ambaye atakuwepo miaka kumi na sita ijayo, sasa nitajie mjomba mwenye garantii hiyo.

Na wazo hilo halikuzaliwa huku. Nchi ya kwanza duniani kuanzisha ofisi ya Mdhamini wa Umma ni New Zealand, sheria ilipita 1872. Ukifikiria ilikuwa koloni la wahamiaji, mtu kafika peke yake kwa meli, ndugu zake wako mwisho wa dunia, akifa nani amshikie mali? Rafiki aliyepewa kazi kesho kaenda kuchimba dhahabu sehemu nyingine na hela yumo nayo. Serikali ikasema basi sisi tutashika. Uingereza walisuasua mpaka 1906 ndo wakapitisha ya kwao, milango ikafunguliwa tarehe 1 Januari 1908, na wakoloni wakatembea na mfumo huo mpaka huku.

Kwenye ile ya Waingereza kuna mambo mawili yanafurahisha. La kwanza, mdhamini wa umma anaruhusiwa kukataa kazi, lakini haruhusiwi kuikataa kwa sababu tu mali ni ndogo. Mawakili na mabenki hawataki mirathi ndogo ndogo, yeye lazima asikilize hata cherehani moja na baiskeli. La pili, hapaswi kuendesha biashara hivi hivi, labda kwa muda na kwa masharti. Hii ina maana kubwa sana kwa watu wetu ambao utajiri wao ni duka la Kariakoo au daladala tatu. Afisa wa serikali hawezi kuamka saa kumi usiku kumfata dereva Mbagala anayedai hesabu haijafika, kwahiyo mara nyingi biashara itauzwa igeuzwe hela. Mjane anaona kama kanyang'anywa, ofisi inaona imeokoa thamani kabla gari halijafia barabarani, na kusema ukweli wote wawili wana pointi.

Sasa hela imepatikana. Nyumba ya pili imeuzwa, kiinua mgongo kimetoka, madeni yamelipwa, kuna mtoto wa miaka sita na fungu lake ni tuseme milioni 20. Hizi ndo hela ambazo kila mtu anauliza ziko wapi.

Jibu rahisi ni benki, na jibu rahisi ni baya. Ukiacha milioni 20 imekaa tu bila riba ya maana, na bei za vitu zikapanda asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 12 mtoto akitimiza 18 anapewa ile ile milioni 20 kwa tarakimu lakini inanunua vitu vya kama milioni 11 tu vya siku baba alipokufa. Hakuna aliyeiba, hesabu zote ziko sawa, kila risiti ipo, na karibu nusu ya urithi imeyeyuka. Ndo maana mdhamini anatakiwa kuwekeza. Hela ya amana haitakiwi kulala.

Ila pia haitakiwi kukimbia. Mdhamini sio mfanyabiashara, hela si yake, akibahatisha kwenye hisa za kampuni moja ikapanda mara tatu sifa ni za mtoto, ikianguka mtoto kalala njaa. Kwahiyo sheria za udhamini za kwetu huku zimerithi utamaduni wa Kiingereza wa kumpa mdhamini orodha ya vitu anavyoruhusiwa kununua, na juu ya orodha kila mara utakuta dhamana za serikali, yaani unaikopesha serikali ikulipe riba. Bara tuna Sheria ya Uwekezaji wa Wadhamini, Kenya ina orodha ndani ya Sheria ya Wadhamini. Inaboa, ndio, lakini kuboa ndo kazi yenyewe.

Chukua hatifungani za serikali, zile dhamana za miaka mingi zinazouzwa na Benki Kuu (BoT), kuanzia milioni moja unaingia, riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Ile ya miaka 25 ilipoanza 2021 ilikuwa inalipa asilimia 15.95 kwa mwaka, 2022 wakashusha mpaka 12.56. Tuseme milioni 20 za mtoto ziko kwenye hiyo ya 12.56, kila miezi sita inaingia milioni 1 na laki 2 na elfu 56. Hiyo ni ada, ni sare, ni bima ya afya, na mtaji hujaugusa. Hapo ndo unaona tofauti ya kutunza na kutunza.

Lakini kuna mtego na ndo mahali ambapo mtu mwenye akili anahitajika, sio karani tu. Mtoto ana miaka sita, anataka hela yake baada ya miaka 12, hatifungani inaiva, yaani mtaji unarudi, baada ya 25. Kuiuza kabla unaweza, soko la hisa la Dar lipo, ila bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwahiyo unagawanya, nyingine ya miaka kumi, nyingine ya mitano, nyingine unaacha karibu kwa ajili ya ada ya Januari, ziwe zinaiva kwa zamu mtoto anavyokua. Sasa fikiria ofisi ina watoto mia kadhaa kila mmoja na umri wake na kiasi chake, huyu ana milioni 4, yule 9, yule 60. Ukimwekezea kila mmoja kivyake utachanganyikiwa, na yule wa milioni 4 hawezi hata kugawanya vizuri.

New Zealand walilitatua kwa mfuko wa pamoja. Hela zote zinaingia sufuria moja, vitabuni kila mtoto ana mstari wake, sufuria linawekezwa kama hela moja kubwa, na kila mmoja anapata riba kwa hela yake iliyomo. Serikali ikaweka mkono wake kwamba sufuria likipata hasara hazina italipa. Bei ya garantii hiyo ni kwamba riba unayopata ni ya kistaarabu tu, huwezi kupata kama ambavyo ungepata mwenyewe ukiwa mjanja na mwenye bahati. Binafsi naona ni biashara nzuri kwa yatima na mbaya kwa mtu mzima mwenye uwezo wa kujiamulia, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kitu kimoja hakisemwi sana, acha nikiseme. Anayetunza hela ni serikali na anayekopa kupitia hatifungani ni serikali hiyo hiyo. Ukiwa mkopaji na mlinzi kwa pamoja kuna kishawishi cha kuona hela ya yatima ni mahali rahisi pa kukopa. Sio kwamba kuna ubaya wowote kwenye hatifungani, lakini ndo sababu hesabu zake zinatakiwa kukaguliwa na mtu wa nje na mnufaika awe na haki ya kuuliza mstari wake unasomaje, sio kuambiwa njoo kesho.

Zanzibar wao wana njia yao, RITA haivuki maji kwenye haya. Kule ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ilipata sheria ya 2007 ila kazi yenyewe ni ya tangu enzi za ukoloni, inasimamia nyumba za wakfu, inagawa mirathi za Waislamu, inatunza mali ya wasiojiweza. Pwani ya Kenya nako kuna makamishna wa wakfu, Mombasa. Huko hakuna mtu anayehitaji kuelezwa kwamba nyumba inaweza kuwa na jina la mtu na isiwe yake, bibi aliweka wakfu miaka mia iliyopita, kodi inaenda msikitini au kwa wajukuu, nyumba haiuzwi. Neno amana watu walikuwa nalo kabla Mwingereza hajaja na udhamini wake.

Je uende RITA na mirathi yenu? Kama mko watu wazima wote na mnaongea, hapana, mtapoteza muda na mtalipa ada bure, nendeni mahakamani wenyewe, mara nyingi ni ile ya Mwanzo, na wa Dar kuna kile kituo jumuishi cha masuala ya familia Temeke. Kama kuna mtoto mdogo, mama hayupo au hana nguvu ya kubishana na ukoo, na kuna hela ya maana, basi bora ofisi inayochelewa kuliko mjomba anayewahi. Kuchelewa kupo, nisikudanganye. Faili linaweza kukaa, jina kwenye hati linasoma Juma kwenye cheti cha kifo linasoma Jumaa na hapo tayari umepoteza miezi mnaandika viapo. Anzeni na cheti cha kifo mapema, andikeni orodha ya mali siku mkiwa bado mna huzuni na hamjaanza kutamani, namba za akaunti, namba ya hati, nani anadaiwa na nani anadai, na mtoto yeyote wa marehemu hata wa nje aandikwe, maana atakuja tu, na akija baada ya mgao mnaanza upya.

Alafu siku ikifika, kijana ametimiza 18, anaingia pale kuchukua kilichobaki cha milioni 20 za baba yake, swali la kwanza dirishani litakuwa una kitu gani cha kuonyesha kwamba wewe ndo yule mtoto. Atatoa kile kile cheti cha kuzaliwa ambacho wenzake wote wanakihakiki kwa ajili ya mkopo.